Kamati Ndogo ya Nidhamu ya Lagimaina

Kwa niaba ya Kamati ya Akina Mama ya kijiji cha Vaisuga, hapa Samoa, nina heshima kutangaza kuundwa kwa Kamati Ndogo ya Kusimamia Nidhamu ya Watu Wanaofanya Kazi Nyumbani. Watu hao ni mmoja, Lagimaina. Wajumbe ni tisa. Mimi ni katibu. Niliishia shule ya msingi, ila mwandiko wangu unasomeka na siandiki uongo, maana Mungu naye anasoma.

Chanzo ni mikeka. Nyumba zetu hazina kuta. Zina nguzo, paa, na mikeka ya kushusha mvua ikija. Jumatatu, jua linawaka, Lagimaina akashusha mikeka yote. Mchana kweupe! Kwetu anayefanya hivyo ana mgonjwa, ana ugomvi, au anakula peke yake. Tukaenda. Tukamkuta yeye na kompyuta, mama yake anachambua majani ya magimbi.

"Unaficha nini, binti?" akauliza Mwenyekiti wetu, Fa'asoa, mke wa chifu mkuu.

"Sifichi, mama. Naandika. Mhariri yuko Auckland, anataka makala Ijumaa saa sita mchana. Nimeshachelewa mara mbili. Nikichelewa tena ananitema, nitarudi ng'ambo kukata samaki kiwandani. Sasa huyu mama yangu nimwachie nani?"

"Na bosi wako hapa ni nani?"

"Mimi mwenyewe."

Wajumbe wakaguna. Mtu hana bosi! Nani anamwamsha? Nani anamkaripia? Mwenyekiti aliguswa sana, akatunga kanuni tatu papo hapo. Kwanza, mikeka ipandishwe ili nidhamu ionekane. Pili, kamati imkague kila nusu saa, tangu saa mbili hadi saa sita. Tatu, yeyote atakayekutwa mle nyumbani saa za kazi bila kuandika ni mzembe, na atang'oa magugu ya shamba la mchungaji kwa mikono, kijiji kikitazama.

Utekelezaji ulikuwa wa kiwango cha juu. Jumanne tulimkagua mara nane. Kila mara aliacha kazi, akatukaribisha kwa maneno yote ya heshima, mama yake akatuchemshia kakao.

"Umefikisha maneno mangapi?"

"Kumi na moja."

"Na mara ya kwanza tulipokuja?"

"Kumi na moja, mama."

"Unaona? Bila sisi yangepungua!"

Jumatano wajumbe wakaona kwenda na kurudi ni kupoteza muda wa umma, wakahamia mle. Wakajinyoosha, wakajipepea, wakapanga ndoa za watu. Alhamisi Lagimaina alilia. Nikaandika: dakika nne, bila kuandika.

Ijumaa saa nne na nusu makala ilikuwa nusu, na Mwenyekiti alikuwa anasimulia harusi ya mpwa wake. Lagimaina akanigeukia.

"Mama Katibu, hebu nisomee kanuni ya tatu."

Nikasoma. Mimi husoma polepole, kwa hiyo wote walisikia.

"Inasema 'yeyote'?"

"Yeyote."

"Haisemi Lagimaina?"

Nikageuza karatasi, nikaangalia na nyuma. "Haisemi."

Wajumbe saba wakakumbuka vyungu vyao motoni, wakatoka mbio. Mimi sikuhusika, nilikuwa naandika. Akabaki Mwenyekiti. Mke wa chifu mkuu hakimbii.

"Nipeni karatasi," akasema. "Kwani kuandika kitu gani?"

Akaandika *Mimi*. Akafuta. Akatazama paa. Wapita njia wakasimama, maana mikeka ilikuwa juu.

"Mama Fa'asoa, vipi, unaandika wosia?"

"Piteni huko!"

Saa nzima ikaisha, karatasi ina jasho tu. Upande wa pili vidole vya Lagimaina havikupumzika. Hatimaye Mwenyekiti akamwinamia, akanong'ona, "Mwanangu, hivi wewe huwa unaanzaje?"

"Huwa naanza watu wakishaondoka, mama."

Akaondoka. Saa sita kasoro dakika nane makala ikaenda Auckland. Mhariri akajibu neno moja: safi.

Jumatatu, kwa mujibu wa kanuni, Mwenyekiti alikuwa shambani kwa mchungaji, magoti chini, kijiji kizima kimejipanga kando ya ua. Nikamkaribia na kitabu changu.

"Dada yangu," akaniambia kwa sauti ya chini, "hili usiliandike."

Nilimwonea huruma kweli. Nikaandika kwamba ameomba lisiandikwe.