Mgao wa Riwaya Katika Lokesheni Yetu

Itangazwe kwa wote kwamba mwaka wa 1994 lokesheni yetu, upande wa Sigor, ilikuwa ya kwanza wilayani kumaliza tatizo la riwaya moja kusomwa na watu wengi. Wazo lilikuwa langu. Nilikuwa chifu, na wazo zuri popote lilipozaliwa liliandikishwa kwa chifu.

Riwaya yenyewe ilikuwa nene, ya enzi za mkoloni, habari za chifu mmoja na ng'ombe za watu. Wasomaji watatu walichanga fedha kuiagiza: Chepngetich, mkulima wa chai wa hapa kwetu, Caren, nesi wa Longisa, na Mbuthia, mwenye duka Kipkelion. Mpango wao ulikuwa duni. Chepngetich asome kwanza, aifunge kwa karatasi ya khaki, amtumie Caren kwa posta, naye Caren amtumie Mbuthia. Bila kamati! Bahati nzuri sanduku la posta lilikuwa la ofisi yangu, na kitabu kilipofika nikakipokea kwa niaba ya umma.

Niliunda Kamati ya Uratibu wa Usomaji, mimi nikiwa mwenyekiti na pia mweka hazina. Mandazi yalipitishwa bila kupingwa. Kisha nikawauliza wasomaji watatu, niliokuwa nimewaita kikaoni, swali la hekima.

"Mbuzi akichinjwa, mmoja humla mzima, halafu humtumia mwenzake kwa posta?"

"Lakini Chifu, kitabu si mbuzi," Caren akasema.

"Ndiyo maana hakina mwenyewe wa kukitetea," nikamjibu, nikachukua panga.

Nilikikata vipande vinne. Kwetu nyama hugawanywa kwa heshima, na mwenyekiti hawezi kupewa kwato. Nikajitwalia mwisho, kwa sababu kila msomaji anaulilia, kwa hiyo lazima ndiko kwenye mafuta. Vipande vitatu vikawa vinazunguka kwa posta, Sigor, Longisa, Kipkelion. Changu hakikuzunguka. Fungu la mzee haliombwi.

Sikukisoma. Kiongozi hasomi, husomewa taarifa. Nilikiweka kwenye droo kikapumzika.

Siku moja Chepngetich akaja ofisini, macho mekundu kwa kusoma na koroboi.

"Chifu, nimefika pale chifu amefunga ng'ombe za watu nyuma ya ofisi, anataka kupatia mzungu. Sasa zilirudi ama hazikurudi?"

"Mama, hayo ni mambo ya ngazi za juu."

"Zile ng'ombe ni kama za babu yangu. Hata yake ilichukuliwa hivyo. Niambie tu."

Nikamwagiza alete ombi, nakala tatu.

Wakati huohuo ilisemekana D.O., mkuu wa tarafa, anakuja kutukagua, na kwamba kuna chifu mmoja atapandishwa cheo. Nikahamasisha michango ya hiari. Chepngetich alichelewa kujitolea, basi askari wakamsaidia kujitolea mtamba wake, ambaye alikuwa ndiye ng'ombe wake pekee. Tukamfunga nyuma ya ofisi, tayari kwa mgeni. Chepngetich alilia. Iliniuma sana, maana kilio hakikuwa kwenye ajenda.

Siku ya baraza D.O. aliusifu mgao wangu wa kitabu. Nikavimba. Hapo Chepngetich akasimama.

"Mheshimiwa, mwisho wa hiyo kitabu uko kwa droo ya Chifu. Atusomee tu, tafadhali."

"Soma, Chifu," D.O. akasema.

Nilifurahi. Nilijua chifu wa kitabuni lazima anapewa medali. Nikasoma kwa sauti ya serikali: chifu aliita baraza ili amkabidhi mzungu ng'ombe. Watu waliinuka mmoja mmoja, wakafungua kamba za ng'ombe zao, wakaenda nyumbani. Chifu akapaza sauti, "Keti chini!" Hakuna aliyeketi. Karatasi zikaisha.

Nilipoinua macho, Chepngetich alikuwa ameshaanza kutembea. Caren, aliyekuwa amekuja barazani kutoka Longisa, akamfuata. Safu ya mbele ikainuka, na ndani yake alikuwemo mke wangu.

"Keti chini!" nikapaza sauti.

Chepngetich akamfungua mtamba wake. Nikamkonyeza askari achukue hatua, naye akachukua. Alikwenda akawafungulia lango.

Tulibaki wawili, mimi na D.O., mbele ya mabenchi matupu. Alikohoa.

"Chifu, kwa hiyo kitabu kuna D.O.?"

"Yuko, mheshimiwa. Mzungu."

"Alifanyiwa nini?"

"Sijui, mheshimiwa. Taarifa niliyosomewa inasema yeye yuko kipande cha pili."

"Kilete."

"Kiko Kipkelion kwa Mbuthia. Nikiandika barua leo, kwa posta ni kama wiki mbili hivi."

D.O. akawatazama wananchi wakipanda kilima nyuma ya mtamba, hakuna aliyegeuka. Akaishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Dereva," akaita, "washa gari. Tunaenda Kipkelion."