Firimbi na Vidonge vya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Tumeingia kwenye utafiti wa dawa ya pumu, mimi na shemeji. Muuguzi kaeleza: mwili wenyewe hutengeneza kitu kiitwacho lukotrieni, kinabana njia za hewa, kidonge hiki kinakizuia. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikamtazama shemeji. Alikuja kwetu kwa wiki moja. Huu mwaka wa tatu. Baadhi ya washiriki wamepewa dawa, wengine kidonge kitupu, na hata muuguzi hajui nani kapata nini. Vichupa vinafanana. Mwenyekiti wa ligi ya mtaa kasema kati yetu wawili, atakayepuliza vizuri kipimo cha pumzi Ijumaa ndiye refa wa fainali. Firimbi ilikuwa yangu miaka sita! Nilinyang'anywa siku niliposhindwa kupuliza penalti kwa kikohozi. Naitaka mno.

Jumatano, 5 Machi
Kifua kinapiga mluzi kama birika. Shemeji anapanda ngazi akiimba. Basi kitupu ni changu! Alipoingia kuoga, nikabadilisha vichupa. Mke wangu akauliza natafuta nini chumbani kwa kaka yake. Nikasema soksi. Akasema nimezivaa.

Alhamisi, 6 Machi
Muujiza! Nimepanda ngazi mara mbili, ya pili bila sababu. Shemeji anakohoa. Nimemhurumia. Kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepuliza 430! Shemeji 390. Kisha muuguzi akapindua vichupa. Kumbe vina namba chini! Akasema vizuri, kila mtu ana chake. Nikaropoka kwamba haiwezekani, nilibadilisha kwa mikono yangu! Shemeji akaruka: kumbe aliyevirudisha ni mimi! Yeye alishabadilisha Jumatatu, nilipokuwa napimwa. Muuguzi katusema nusu saa, tumemharibia takwimu zake. Mwenyekiti alikuwa mlangoni, kasikia yote. Firimbi kampa mke wangu.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu kachezesha fainali bila kukohoa hata mara moja. Nilimwonea fahari mpaka alipotuonyesha kadi nyekundu, mimi na kaka yake, kwa kelele. Sisi ni watazamaji tu!
Jana tulipewa vichupa vipya, lebo yenye namba kubwa ubavuni. Nimeapa mbele ya muuguzi: sibadilishi kichupa tena. Lebo sikuitaja. Lebo hubanduka kwa mvuke.
Nimekwenda jikoni kuchukua birika. Halipo. Liko chumbani kwa shemeji, linachemka.