Nyimbo Tano za Wiki na Fahali Mmoja

Jumatatu, 3 Novemba

Wiki gani hii! Nyimbo mpya zimetoka kwa fujo na zote moto. Sijala tangu asubuhi. Nani ana nafasi ya kula?

Nimezisikiliza kibandani kwangu hapa Khayega, ninapowawekea watu nyimbo kwenye simu na flashi. Skwota wa London ametoa grime ya kasi, ile rap ya kumwaga maneno mpaka msikilizaji ndiye anayekosa pumzi. Besi ikiingia, bati la kibanda linaitikia. Halafu Mabati 44 wa Nairobi, hip-hop ya polepole, kila neno anaweka mahali pake na kuliacha likae. Na Lady Petroli! Huyo simwelezi leo, nitalia.

Habari kubwa zaidi. Lirhanda FM, redio ya pale Kakamega mjini, inatafuta mtu wa dakika kumi kila Jumamosi: nyimbo mpya za hip-hop na grime zinazostahili kusikilizwa. Masharti: ulete orodha ya nyimbo tano, mmoja uwe wa msanii wa kaunti hii asiyejulikana bado, na video ya watu wakiupokea wimbo huo. Mwisho Jumapili jioni. Majibu Jumatatu. Anayechagua ni Madam Mildred, mkuu wa vipindi.

Lazima mimi Osiako niipate. Mjomba Nehemiah amepiga simu kutoka Shianda. Ameniombea kazi ya kupakia miwa, nianze Jumanne ya wiki ijayo, lori litanipitia alfajiri. Nikamwomba subira. Akasema subira yake ameivuta tangu nilipokuwa na miaka ishirini, sasa nina ishirini na saba na imekatika. Kwa hiyo ni redio au miwa.

Tatizo ni Tyson. Kibanda chake kinatazamana na changu. Alisomea mambo ya umeme chuo cha Sigalagala, jambo analotukumbusha mara sita tu kwa siku. Orodha yangu ya wiki naiandika kwa chaki juu ya katoni. Yake ina taa zinazowaka na kuzima. Naye ameingia shindano. Mshenzi!

Jumanne, 4 Novemba

Nimevumbua kipimo cha shingo. Kisayansi kabisa. Nawapigia wimbo vijana wa boda boda hapo stejini, nahesabu shingo zinazotikisika. Hakuna upendeleo, hakuna hongo.

Skwota: shingo nne. Lady Petroli: shingo saba. Mabati 44: shingo kumi na mbili kati ya kumi na mbili! Nikaruka. Nikaandika kwenye katoni kwamba wimbo huu umethibitishwa.

Baadaye Andati, mwenyekiti wa steji, akanieleza kwamba hawakuwa wanatikisa shingo. Walikuwa wamesinzia. Akasema hip-hop ya polepole baada ya ugali wetu wa obusuma saa saba ni dawa, na akaniomba niupige tena kesho wakati kama huo.

Nimefuta neno "umethibitishwa". Nimeandika "unatuliza".

Jumatano, 5 Novemba

Leo nimemtega Tyson. Nilisimama nje nikijifanya naongea na simu kwa sauti kubwa. Nikasema, eti, huyu Bwana Moshi wa London ni hatari, ametoa wimbo jana, dunia nzima imeshtuka. Hakuna Bwana Moshi. Nimemtunga mimi nikioga.

Saa sita kamili, taa za Tyson: NAMBA MOJA, BWANA MOSHI. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kesho wateja watautaka, atakosa, ataumbuka. Madam Mildred atasikia. Mwisho wa Tyson!

Alhamisi, 6 Novemba

Wateja tisa wamekuja kuutaka wimbo wa Bwana Moshi. Kwangu. Sina.

Tyson anao. Ameurekodi mwenyewe jana mchana: posho mili ya jirani yake ikisaga mahindi, na yeye akinguruma juu yake. Amewawekea watu zaidi ya arobaini. Nilipita mbele ya kibanda chake kwa hasira na nikajikuta natikisa shingo. Nililaumu upepo.

Lakini mchana Mungu akanikumbuka. Jael alikuja. Ni binti wa mzee Shikanga, mwenye yule fahali anayeitwa Injinia, ambaye hajashindwa uwanjani tangu aanze kupigana. Jael huuza ingokho, kuku wa kienyeji, siku za soko, na kwa kutaja bei hakuna anayemfikia mdomo. Akasema ana kitu amerekodi kwa simu, niseme ukweli kama ni takataka.

Nikavaa vidude masikioni.

Yaye! Grime! Grime ya Khayega! Maneno yanaruka kutoka Kiswahili kwenda Kidakho chetu na kurudi bila kugonga ukuta. Wimbo unaitwa "Bei ya Jogoo". Ubeti wa pili, biti inanyamaza ghafla, anabaki yeye peke yake na pumzi zake, na unahisi kama umeachwa njiani na hujali. Nywele zilinisimama. Nilisikiliza mara sita. Machozi yalinitoka, nikamwambia ni vumbi. Nampenda msanii huyu! Kisanaa.

Akaniruhusu kuupeleka redioni. Ila akanionya: nisiupige kwa spika karibu na kwao, wala uwanjani Jumamosi, siku ambayo Injinia anapigana. Nikaelewa mara moja. Haya ya msanii mchanga. Wote huwa hivyo mwanzoni. Nikakubali kwa mdomo.

Maana uwanjani Jumamosi ndipo watu wote watakapokuwa. Video gani itashinda hiyo?

Ijumaa, 7 Novemba

Mpango umekamilika. Injinia atakapokutana na Tingatinga, fahali wa upande wa Malinya, umati utakuwa umepandwa na wazimu. Pembe zikishikana tu, naachia "Bei ya Jogoo" kutoka kwenye flashi. Umati unalipuka. Andati anachukua video kwa simu yangu. Mildred analia. Mjomba anatafuta mpakiaji mwingine.

Ilibaki spika ya kubeba mgongoni. Khayega nzima anayo mmoja tu. Tyson.

Kumwomba? Afadhali nipande kichuguu uchi. Nikamtuma Andati aseme inatakiwa na kikundi cha akina mama wa kanisa. Imepatikana! Andati akasema Tyson alitoa bila ubishi, ila kulikuwa na maagizo fulani ambayo yamemtoka kichwani. Nikamwambia maagizo ni ya watu wasiojua spika.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandika nikiwa nimelala kwa tumbo.

Saa moja asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Injinia akaja na watu wake, ngoma za isukuti mbele, filimbi, matawi, mzee Shikanga akitembea kama bwana harusi. Tingatinga akaja na wake. Vumbi. Pembe zikashikana, ko! Watu wakapiga kelele mpaka nikaisikia kwenye meno. Nikabonyeza.

Sauti ya Jael ikajaa uwanja mzima. Watu wakageuka. Vizuri sana!

Injinia naye akageuka.

Alichomoa pembe zake taratibu, kama mtu aliyepigiwa simu, akasimamisha masikio, akamwacha Tingatinga amesimama peke yake hajui la kufanya. Fahali anayegeuka kwanza ameshindwa. Hiyo ndiyo sheria, hata mtoto anaijua. Kisha Injinia akaanza kuja kwangu. Kwanza kwa kutembea. Halafu si kwa kutembea.

Nilikimbia. Spika mgongoni, Jael akitaja bei ya jogoo. Nikabonyeza kuzima. Haizimi! Andati alikuwa akikimbia kando yangu na simu mkononi, anachukua video, na hapo hapo akakumbuka maagizo ya Tyson: kidude cha kuzima kimekufa, mpaka ufungue nyuma kwa bisibisi utoe betri. Nikamwuliza bisibisi iko wapi. Akasema Tyson alimpa pia, ila ameisahau nyumbani juu ya meza.

Nikapanda mpera uliokuwa pembeni. Injinia akafika chini yake, akainua kichwa, akatoa ulimi, akaanza kulamba kiatu changu.

Jael alifika mbio, leso mkononi, amekasirika hadi machozi. Ndipo nikaelewa, mimi na watu wote wa Khayega kwa pamoja. Mistari ile aliitunga zizini. Huiimba kila jioni akimpa Injinia majani yake na molasi, tangu akiwa ndama. Kwa Injinia ule si wimbo mpya unaostahili kusikilizwa. Ni chakula. Alikuwa ameacha vita aje kula, na mwenye chakula alikuwa juu ya mti. Jael akaniuliza kama masikio yangu niliyaazima pia. Alinikanya! Alinikanya kwa mdomo wake!

Wimbo ulikuwa umeanza tena. Watu walikuwa wamezunguka mpera, mamia, wengine wakinitaka nishuke wanifunze adabu. Na ubeti wa pili ukawa unakaribia.

Najaribu kueleza kilichonipata na siwezi. Nilisahau fahali. Niliwanyamazisha wote kwa mkono. Nikawaambia wasikilize, biti inaondoka sasa, msichana anabaki peke yake, sikieni anavyovuta pumzi, sikieni anavyorudi! Hapo! Mmesikia hapo? Nikawaeleza kwa nini hakuna wa London anayefanya hivyo. Nilieleza kwa muda mrefu. Tawi likakatika katikati ya maelezo.

Nilianguka juu ya spika. Ikazima.

Jumapili, 9 Novemba

Mzee Shikanga amekuja na wazee wawili. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Akasema, "Kijana, ng'ombe yangu inajuanga vita. Wewe umeambia kila mutu vile inakulanga." Hukumu: kila jioni niende kumkatia Injinia majani mpaka fahali huyo arudi uwanjani na kushinda. Nikakubali. Wazee wale hawakuonekana kama watu wa kujadiliana nao.

Jael alikuwa amesimama mlangoni. Mwisho akauliza, bila kunitazama, kama ni kweli watu waliosimama chini ya mpera walitaka wimbo urudiwe. Nikamwambia ni kweli, hata wale waliotaka kunipiga. Akafunika mdomo kwa leso na kuondoka haraka. Nilifurahi kuliko ninavyostahili.

Video imesambaa. Andati aliiweka kwenye kundi la steji, na kufikia saa sita imefika Mumias. Mama ameonyeshwa kanisani, wakati wa matoleo.

Lakini mimi si mjinga. Kabla ya kumtumia Madam Mildred nimeikata. Nimeondoa mpera wote, aibu tupu, na maneno yangu yale yasiyo na mwisho. Nimebakiza sekunde ishirini za mbio, nikaandika: "Mashabiki wakimfuata Osiako kwa hamu." Injinia haonekani sana. Ni vumbi tu. Safi!

Jumatatu, 10 Novemba

AMEPIGA!

Saa nne na dakika kumi. Madam Mildred mwenyewe. Sauti ile ile ya redioni, ikitaja jina langu! Nilisimama kwa heshima, nikagonga kichwa kwenye bati.

Akasema sekunde zangu ishirini hazikumsaidia, ila video nzima alikuwa tayari ameiona, ametumiwa na dada yake. Ameitazama mara nne. Akasema orodha nzuri amepokea nyingi, ya Tyson ikiwa imepangwa vizuri kuliko zote, lakini mtu aliye juu ya mti, ng'ombe chini, watu wanataka kumpiga, na bado anaeleza ubeti wa pili, huyo hajawahi kumpata. Jael ataitwa studio kurekodi upya, kwa vyombo vizuri. Na zile dakika kumi za Jumamosi anataka nizichukue mimi. Nije tu na nyimbo ninazozipenda, nikae, niseme kwa nini. Hakuna kingine. Akauliza kama naweza kuanza wiki hii.

Moyo ulikuwa ukipiga kwa kasi ya grime. Nilitaka kupiga kelele ndiyo mpaka Sigalagala wanisikie.

Lakini akili! Anayekubali haraka huonekana hana soko. Kila mtu anajua. Kwa hiyo nikakohoa. Nikamwambia nimefurahi, ila kuna stesheni mbili za Nairobi zinanifuata, na moja ya Kisumu inasumbua sana. Ningehitaji nusu saa badala ya dakika kumi. Na kipindi kiitwe kwa jina langu. Na gari la kunichukua, lenye vioo vyeusi.

Kimya kidogo. Hapo nikajua nimemshika.

Akasema hongera. Akasema kwa dhati kabisa kwamba hataki kumzuilia kijana njia ya Nairobi, hizo nafasi hazirudi, nizishike. Akaniombea baraka. Kisha akaniuliza kama kwa bahati nina namba ya Tyson.

Nikampa. Tarakimu moja moja, mara mbili, asije akakosea.

Sasa hivi Tyson, simu sikioni, anarukaruka mbele ya kibanda chake kama mtu aliyekanyaga siafu. Mjomba amethibitisha lori la alfajiri. Nitapanda, bila shaka, ili nisionekane nangoja simu. Ukimya wa Mildred ni wa mtu anayefikiria. Siku moja, mbili kwa wingi, atarudi na ile nusu saa.

Nimeshaandika maneno ya kumkatalia mara ya kwanza.