Tabo ya Lori kwenye Gari Dogo

Jumanne, 8 Julai 1997

Idrissa amenipita tena. Mchana kweupe, hapa hapa Utemini, mbele ya duka langu la vitenge, mbele ya Saada! Yeye na pikapu lake la vitunguu. Mimi na gari la mbio, jekundu, milango miwili, limetoka Japani kupitia Dubai. Tena lina tabo, kile kikonokono cha chuma kinachoisukumia injini upepo.

Saada akasema labda gari langu lina njaa. Ni mchumba wangu, utani anaruhusiwa. Idrissa haruhusiwi. Alipiga honi.

Nimewaza wakati wa kula. Jibu ni rahisi. Tabo yangu ni ndogo.

Jumatano, 9 Julai

Kwa fundi Antipasi. Kazi yake ni malori. Nimemwuliza kama tabo ya lori yaweza kukaa kwenye gari dogo. Amelizunguka gari, amelipiga boneti kofi, akasema, "Bosi, wewe leta gari tu."

Napenda fundi wa namna hii.

Tabo imetoka kwenye lori lililopinduka Sekenke. Ukubwa wake kichwa cha mbuzi. Yangu ya zamani, ngumi. Boneti imekataa kufunga. Antipasi ameitoboa kwa patasi.

Ijumaa, 11 Julai

Tabo imefungwa! Baada ya swala tumetoka nje ya mji kulijaribu gari.

Mwanzo, nguvu hamna. Baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa imetupita. Antipasi akasema tabo kubwa huchelewa kuamka, nizidi kukanyaga. Nikakanyaga. Nikangoja. Likaamka! Mlio kama ndege ya jeshi. Miwani yangu ilikwenda kiti cha nyuma. Tulipita basi, tulipita mbuzi, tulipita na nyumbani kwa Antipasi, alikotaka kushuka.

Saada amelitazama. Amesema lina nundu. Nimemweleza kuwa hiyo ni teknolojia. Amesema hata dume la ng'ombe la baba yake linayo.

Jumamosi, 12 Julai

Bahati! Baba yake Saada, Mzee Haji, anakwenda Kilimatinde kesho na mkewe, Bi Ziada, kumjulia hali dada yake mzee aliyevunjika mguu. Mahari yangu ilishapokelewa. Tarehe ya ndoa ndiyo mzee anaivutavuta.

Idrissa alishajitolea kuwapeleka. Nimekwenda haraka, nimetoa shikamoo mbili, nimeeleza kuwa wakwe zangu hawapaswi kunuka vitunguu. Mzee akauliza kama gari langu ni la kuaminika. Nikamwambia ni la kuaminika kuliko mimi. Akakubali.

Jumapili, 13 Julai

Hadi Manyoni, shwari. Mzee mbele, Bi Ziada nyuma na kuku wawili wa zawadi. Nilikwenda taratibu, kwa heshima. Tabo haikuamka hata mara moja. Mzee akasifu utulivu wangu. Akaanza kusema, "Sasa kuhusu ile tarehe..."

Hapo ndipo kilima cha Kilimatinde kilipoanza. Gari likakata pumzi katikati. Nikasema ni hali ya hewa. Kisha nikawaomba, kwa adabu zote, washuke wasukume kidogo.

Najua. Mkwe hasukumishwi gari. Lakini wa kukanyaga mafuta nilikuwa mimi peke yangu. Mzee Haji akakunja kanzu. Bi Ziada akakaza kanga kiunoni.

Likaamka.

Sikusimama. Ningesimamaje? Lingelala tena! Katika kioo niliona vumbi tupu, na ndani ya vumbi mkono wa Mzee Haji. Nilidhani ananishangilia. Nikapiga honi.

Nikafika juu, mimi na kuku. Nilipogeuza kuwafuata, kishindo! Moshi mweupe. Gasketi ya injini imeungua.

Nilikaa kando ya barabara muda mrefu. Kisha likaja pikapu, Idrissa kwenye usukani, eti alikuwa na safari zake. Wakwe zangu kando yake, weupe kwa vumbi hadi kope. Nikasema shikamoo.

Mzee alinyosha mkono dirishani. Alisema, "Tupe kuku wetu."

Jumatano, 16 Julai

Saada amekuja dukani. Hakunitania hata neno moja. Limeniuma hilo kuliko gasketi.

Amesema mama yake bado anakohoa. Baba yake alitaka kurudisha mahari, yeye Saada akalia siku nzima, ndipo mzee akalegea. Sharti lake ni moja: nirudishe tabo ya zamani. "Kadiri wangu, mimi nakutaka," akasema. "Lakini baba anataka mkwe, si rubani."

Nimemwapia mbele ya wateja. Ameondoka akitabasamu.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Antipasi, gari lilikovutwa na lori juzi. Tumelichunguza tatizo na tumelipata. Tabo kubwa huchelewa, ndogo huwahi. Basi ndogo inarudi, kama nilivyoapa. Itakaa pembeni ya ile kubwa.

Antipasi ameshaanza kutoboa upande wa pili wa boneti.