Ratili Sita Chini ya Kiti

Jumatatu, 9 Septemba
Nimefutiwa matokeo ya mbio za vigari vya go-kart mara mbili msimu huu. Mara ya kwanza tairi zangu zilinuka dawa ya kulainisha mpira. Nani ananusa tairi za mtu mzima? Mkaguzi wetu! Mara ya pili tundu la kabureta lilikuwa limepanuka. Nikasema ni joto la Indiana. Akasema joto halitumii tupa. Nikifutiwa mara ya tatu nafungiwa mwaka mzima, na kigari tulichonunua nusu kwa nusu na shemeji Verlin atakiendesha yeye. Verlin! Anayekanyaga breki njia ikiwa imenyooka! Leo nimemkuta gereji, amekaa kwenye kiti changu, ameshika usukani. Eti: "Nakaa tu, shemeji."

Jumanne, 10 Septemba
Nimepata! Katika Daraja la Wazee, ninakoshindana mimi, injini zote ni sawa, zina lakiri, huruhusiwi kuzigusa. Kinachobaki ni uzito. Sheria inasema kigari na dereva, kwa pamoja, wasipungue ratili 375 baada ya mbio. BAADA! Wakati wa mbio hakuna anayekupima. Mimi na kigari tunafika 375 kwa msaada wa vibamba vya madini ya risasi chini ya kiti. Nimefungua vya ratili sita. Mbio zikiisha, nikiwa kwenye foleni ya mizani, nakunywa galoni ya maji. Galoni ni ratili nane. Hesabu safi! Kitabu cha sheria nimekisoma mpaka ukurasa wa nne. Huko mbele ni picha za boliti.

Jumatano, 11 Septemba
Mazoezi ya kunywa. Galoni moja, dakika tatu. Nimezeeka. Mwaka 1991 nilimaliza ndoo ya maji ya farasi kwa pumzi moja, na farasi mwenyewe akasogea kunipisha. Mke wangu Lorna kauliza kama naumwa. Nikamjibu huu ni mchezo wa kisayansi. Akasema basi sayansi ikapige deki chooni.

Alhamisi, 12 Septemba
Tamasha la mahindi mjini. Sandwichi za nyama ya nguruwe ya kukaanga, pana kuliko sahani. Nimekula nne. Corinne, mtoto wa dada yangu, ndiye msimamizi wa mizani. Kaniuliza kama nimefika ukurasa wa tano. Nikamwambia waliokiandika kile kitabu niliwafundisha mimi. Kacheka. "Sawa, mjomba. Ila Jumamosi usiniletee vituko."

Ijumaa, 13 Septemba
Tamasha bado lipo. Sandwichi tatu, pai mbili za sukari na krimu. Ni wasiwasi tu.

Jumamosi, 14 Septemba
NIMESHINDA! Nilianza wa saba. Kigari chepesi kama karatasi! Kona ya mwisho nimempita Orrin, fundi bomba, akanitukania ukoo mzima.

Kisha foleni ya mizani. Nikachomoa galoni niliyoificha kwenye nyasi. Nilikuwa nimefika nusu yake Corinne alipopiga filimbi. Kumbe ukurasa wa tano unasema: tangu bendera ya mwisho mpaka mizani, dereva hapokei wala hachukui kitu. Si maji, si leso, si mkono wa mtu. Nikamwambia ni kiu. "Kiu ya galoni, mjomba? Wewe ni ngamia?"

Nimefutwa. Nimefungiwa mwaka mzima!

Bado akanipandisha mizani, watu wajionee. 381! Akahesabu kwa vidole, kwa sauti: nusu galoni ni ratili nne, kwa hiyo bila tone la maji ningepita kwa ratili mbili. Zile sandwichi! Mkaguzi alicheka mpaka akakalia tairi. Verlin hakucheka. Aliuliza taratibu kama glavu nazo zinakuja na kigari.

Jumapili, 15 Septemba
Sikulala. Nimekisoma kitabu chote, hadi picha za boliti. Wamenifungia kuendesha. Kushika spana hawajanikataza popote! Jumamosi ijayo Verlin anashindana, na fundi hana. Nimejitolea. Kashukuru mpaka machozi yakamlenga, maskini. Ametoka kwenda kanisani, nami nimeanza na bomba la moshi. Nimelikata nusu inchi tu, kigari kiongeze mbio. Mkaguzi hataona, na hata Verlin mwenyewe hatajua.