Wafini wa Nyakabiga

Mwaka ule wa vikwazo, sukari ilipokuwa adimu na risasi tele, serikali iligundua chanzo cha vita. Redio ilitangaza asubuhi, baada ya ngoma: vita havikuletwa na ubaya wa mtu yeyote, na hasa si wa viongozi. Vililetwa na raia waliozaliwa katika nchi isiyolingana na tabia zao. Kwa hiyo ikafunguliwa, pale Kigobe, mtaa wa Bujumbura, Ofisi ya Taifa ya Ulinganifu wa Tabia na Utamaduni. Anayelingana na Burundi atabaki aijenge. Asiyelingana atapewa kibali aende akapumzike katika nchi inayomfaa, mpaka apone.

Ukurugenzi alipewa Bwana Sylvère wa Kiriri, mtaa wa wakubwa, mtu mwenye tai nyingi na msimamo mmoja: kwamba alistahili kuwa mkurugenzi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujiandikia mia kwa mia, yeye pamoja na wakubwa zake, bila kupimwa. Mizani, alisema, haijipimi. Mkewe Ingrid hakumwandika. Aliona mke humfuata mume kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Kipimo alikibuni mwenyewe. Mtu anakalishwa kitini, anaulizwa haja yake. Akiitaja papo hapo, huyo ni mzalendo asiye na siri. Akinyamaza, ni Mfini, mtu wa Ufini kule Ulaya ya kaskazini. Sylvère aliwahi kukaa karibu na Mfini kwenye semina huko Ulaya, naye hakusema neno mpaka chakula cha mchana.

Sasa nani atamfundisha Mrundi kutaja haja yake kabla hajapewa cha kunywa? Hapa kwetu hata anayekuja kukwambia nyumba yako inaungua huuliza kwanza habari za ng'ombe. Na ofisi haikuwa na cha kumpa mgeni. Fungu la vinywaji lilikwisha siku ya ufunguzi, matumboni mwa waheshimiwa.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Mwanvua, muuza vitenge wa mtaa wa Nyakabiga. Alikaa, akatazama kuta, akangoja walau chai.

“Una haja gani, mama?” akauliza Sylvère.

Mwanvua akatabasamu.

“Sema, serikali inasikiliza!”

“Kwako ni amahoro, ni amani, patron? Batoto bazima?”

“Amekwepa swali,” Sylvère akamwambia katibu wake, Dative, kwa huruma kubwa, kisha akagonga muhuri wa Ufini.

“Sasa utapita wapi, mama?” Dative akamuuliza mlangoni.

“Finlande mi siijue. Lakini dada yangu Sijaona iko Uvira, kule Congo. Ntaanzia kule.”

Alianzia kule kweli, akavuka mpaka kwa kibali chake, akarudi na magunia ya sukari. Habari zikaenea, na haukupita muda Nyakabiga nzima ikawa ya Kifini. Watu walipanga foleni kwa adabu, wakanyamaza kwa zamu, wakatoka na vibali. Redio ikatangaza kwamba utafiti umethibitisha hofu ya serikali: Bujumbura ilikuwa mji wa Ulaya ya kaskazini.

Kisha milio ya bunduki ikasogea vilimani juu ya Kiriri. Elsa, binti pekee wa Sylvère na Ingrid, alikuwa ameshapelekwa kwa shangazi yake Geneva vita vilipoanza, na kila jioni mama yake alizungumza na picha yake. Ilipopatikana kazi ya ubalozini huko Geneva, Ingrid alifunga masanduku kabla mumewe hajamaliza kumweleza. Sylvère akaenda kwa waziri kuiomba.

“We ni mia kwa mia,” waziri akamjibu. “Kupeleka mutu wa mia kwa mia inje ni sawa kuuza ngoma ya mwami, ile ya ufalme. Na sheria uliandika weye.”

“Excellence, nipimwe upya! Mi naweza kunyamaza!”

“Ona. Unasema na sijakuuliza kitu.”

Sylvère alirudi nyumbani akamsimulia mkewe. Ingrid alimtazama, akaweka sahani mezani, asiseme neno. Kesho yake hakusema. Keshokutwa vivyo hivyo. Nyumba ilitulia hivi kwamba mizinga ya vilimani ilisikika vizuri kuliko zamani.

Jumatatu Ingrid alishuka Kigobe, akapanga foleni nyuma ya wauza mboga, zamu yake ilipofika akaketi kitini mbele ya mumewe. Mlango ulikuwa wazi, na foleni yote imetega masikio.

“Una haja gani, mama?” Sylvère akauliza, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuuliza.

Ingrid akatazama ukuta. Neno moja tu lingetosha kumfanya Mrundi na kumbakiza nchini.

“Mama Elsa, sema basi. Nitukane.”

Ingrid akauweka sawa mkoba mapajani.

“Patron,” Dative akanong'ona, “huyu ni Mfini kushinda bote.”

Moyo ulimuuma Sylvère. Alimpenda mwanamke huyu, na aliiogopa nyumba ile bila yeye kuliko alivyoiogopa mizinga. Lakini foleni ilikuwa inangoja kuona kama mkurugenzi ataitii sheria yake mwenyewe, na ukutani nyuma ya kiti chake palikuwa na picha ya rais. Akagonga muhuri.

Ingrid alikichukua kibali, akakipuliza wino ukauke, akakitia mkobani na kuufunga. Ndipo akafungua mdomo.

“Maharagi iko mu nyungu, Papa Elsa. Mi ntaanzia kwa Elsa. We ni Mrundi wa mia kwa mia, utaipenda.”