Miguu ya Kuazima

Jumatatu, 3 Machi
Tumemaliza kuutafsiri mkataba wa kimataifa, limebaki neno moja. Kurasa tisini: akili bandia na haki za binadamu. Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu! Zamani tungegawana wafasiri wanane, na taipureta sita zingelia kutwa nzima. Sasa tumebaki mimi, mhakiki wetu wa istilahi tunayemwita Mama Kamusi, na kompyuta.

Mama Kamusi anasema neno ni "akili bandia", basi. Mimi nataka "akili ya kuazima". Ni neno la marehemu mke wangu, mpiga chapa wetu wa meza ya dirishani. Nikitafsiri ovyo, alikuwa akiniambia nirudishe hiyo akili ya kuazima, nije na yangu. Miaka ishirini alipiga chapa maneno ya wengine. Lake halimo popote. Namkumbuka mno.

Jumanne, 4 Machi
Nimeomba kwa adabu. Mama Kamusi kasema mkataba si albamu ya harusi. Mkuu wa idara kamuunga mkono. Sawa. Nitatumia akili. Yangu.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Mama Kamusi alipokwenda kunywa chai, niliketi kwenye kompyuta yake nikaiamuru: kila penye "bandia", weka "ya kuazima". Sekunde moja tu. Mara mia mbili na kumi na nne! Nilitarajia mia mbili, lakini nani anakataa nyongeza? Mkuu kaichukua nakala bila kuiangalia. Nimeitazama ile meza ya dirishani, machozi yakanilenga.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Wanasheria wameusoma mkataba kwa sauti kikaoni. Ibara ya tisa inawalinda watu wenye miguu ya kuazima. Ya kumi na moja inawatetea wenye meno ya kuazima. Ya kumi na nne: "viungo ya kuazima". Viungo YA! Miaka thelathini na moja ya ufasiri, leo ngeli imenivua nguo hadharani.

Mwanasheria mkubwa, mwenye mguu bandia, aliuliza kwa upole: "Na huu wangu nimrudishie nani?"

Mkuu akataka kujua nani kafanya haya. Nikasema ni mashine. Mwanasheria akafungua ibara ya nne, niliyoitafsiri mwenyewe, akanisomea kwamba hakuna binadamu atakayejificha nyuma ya mashine. Tafsiri nzuri, lazima nikiri.

Mama Kamusi akaahidi kuurekebisha wote kufikia asubuhi. Kwenye ujia akanisimamisha.

"Mashine haikumjua mkeo. Mimi nilikaa naye meza moja miaka kumi na miwili."

Nikampisha apite.

Ijumaa, 7 Machi
Mkataba umesahihishwa. Bandia, bandia, bandia. Mguu wa mwanasheria umerudi kwa mwenyewe. Nimepekua kwa uchungu mpaka orodha ya istilahi, ukurasa wa themanini na nane: "Akili bandia (pia: akili ya kuazima)."

Nimelia kama mtoto. Nikamshukuru Mama Kamusi, akasema nisimpotezee muda.

Neno la mke wangu limo kwenye mkataba wa dunia. Imetosha. Sitaki kingine.

Ila herufi zenyewe ni ndogo mno! Hata mtu mwenye miwani hawezi kuliona neno lenyewe. Na kompyuta ina amri ya kukuza herufi, zote kwa pamoja. Mama Kamusi ndiyo kwanza anainuka kwenda kunywa chai.